Anayejificha kwenye sauti za wenzake

Pita nje ya darasa la pili asubuhi, utawasikia: ba, be, bi, bo, bu. Wanaitikia kwa pamoja, fimbo ya mwalimu ikigonga ubaoni. Ukiwa dirishani utasema wote wanajua kusoma. Mwinue mmoja, mwonyeshe "bu" kabla ya "ba", ndipo utajua nani alikuwa anasoma na nani alikuwa anaimba.

Anayeimba si mjinga. Amekariri ukurasa mzima kwa kufuata picha, na hiyo nayo ni akili. Balaa linaanza darasa la tatu, maneno yanapozidi picha na sayansi nayo inataka asome. Hapo utasikia tumbo linauma, daftari limesahaulika, naomba ruhusa mwalimu niende chooni.

Tangu 2015 mtaala wa Tanzania wa darasa la kwanza na la pili umeweka mbele KKK: kusoma, kuandika na kuhesabu. Ni jambo jema, ila mtaala haumsikilizi mtoto mmoja mmoja. Wapimaji wa Uwezo, utafiti unaopima kujifunza kwa watoto, humsikiliza: silabi, neno, aya, kisha hadithi ya kiwango cha darasa la pili. Pale anapokwama ndipo alipo. Wapo walimu wanaofundisha kwa mpango huohuo, wakipanga makundi kwa uwezo wa kusoma, bila kujali darasa. Wa darasa la nne anaweza kukaa na wa la tatu. Wazazi wengine hulalamika kwamba mtoto wao anadhalilishwa. Kwangu mimi, kudhalilishwa ni kusimamishwa mbele ya wenzako na aya usiyoiweza.

Katika kundi kama hilo, kidole cha mtoto kinasimama chini ya neno "mbwa". Midomo inafumba, "mmm", kimya. Wenzake wanataka kumtolea. Mwalimu anawazuia kwa mkono, anangoja. "Mba… mbwa. Mbwa a-na-bwe-ka." Maneno mawili tu, lakini kayasoma mwenyewe, hakuna aliyemnong'oneza. Mtoto wa namna hiyo ndiye anayeanza kunyoosha mkono kabla hajaitwa.

Mzazi, usisubiri ripoti ya mwisho wa muhula ikwambie kawa wa ngapi. Leo jioni mpe maandishi yoyote, hata gazeti hili, umsikilize dakika kumi. Akikwama, ngoja kidogo kabla ya kumtamkia. Na kaka zake wakicheka, watoe nje.