Maradhi ya Akili na Maneno Yetu

Mtu akifika barazani jioni akasema kuwa figo lamsumbua, wenzake humpa pole na kumwombea shifaa. Mmoja humtajia daktari, wa pili humtajia mizizi, wa tatu huahidi kumsindikiza hospitali asubuhi. Lakini akisema kuwa mwezi mzima hapati usingizi, moyo wamwenda mbio bila sababu na asikia sauti za watu asiowaona, baraza hunyamaza. Akisha kuondoka, ndipo maneno huanza: "Fulani amerukwa." Tangu siku hiyo si mgonjwa tena, bali ni kioja cha mtaa.

Sababu moja kubwa ya jambo hili imo katika maneno tunayoyatumia. Homa peke yake twaijua kwa majina: homa ya matumbo, homa ya manjano, homa ya uti wa mgongo. Maradhi ya akili, kinyume chake, twayatia yote katika mtumba mmoja tukauita wazimu. Kijana aliyeharibiwa na unga, mzee aliyesahau njia ya nyumbani kwake, msichana mwenye kifafa, mfanyabiashara aliyeelemewa na huzuni hata hawezi kuondoka kitandani: wote kwetu ni wazimu, au wana pepo. Ilhali daktari atakwambia kuwa hao wanne wana maradhi manne mbalimbali, na kila mmoja ana njia yake ya kuuguzwa. Hicho kifafa ni maradhi ya ubongo, wala kuwa nacho si kukosa akili.

Neno lenyewe wazimu lina nasaba na mzimu, yaani roho za wafu zilizodhaniwa kuwa humwingia mtu. Majununi nalo, tulilolipata kwa Kiarabu, lina shina moja na jini, na maana ya shina hilo ni kufunika na kusitiri. Basi kabla mgonjwa hajatazamwa, jina limekwisha kutoa hukumu. Hatuulizi tena, "Ana nini?" Twauliza, "Ana nani?"

Sisemi kuwa majini hayapo. Muislamu aliyesoma Suratul Jinni hawezi kulikana hilo. Nisemalo ni kuwa kuwapo kwa majini hakukuyafuta maradhi, kama vile kuwapo kwa hasidi hakukuifuta malaria.

Mtaani kwetu Mombasa palikuwa na mwanamke, jina lake nalisitiri, aliyejifungua mtoto wa kwanza. Siku ya kumi hakulala. Siku ya kumi na mbili akasema kuwa mtoto yule si wake, amebadilishwa. Wakubwa wakasema ni shetani wa uzazi. Akafukizwa, akanyweshwa kombe, akapungwa siku saba. Hapana aliyemtendea hayo kwa uadui. Wote wakimpenda, na wengine waliuza vyombo vyao ili mganga alipwe. Mwisho mlango ukatiwa komeo, kwa kumwogopea yeye na mtoto. Ilikuwa siku ya ishirini na tatu, nesi alipokuja kumtazama mtoto, ndipo aliposema: "Haya ni maradhi yajulikanayo, huwapata baadhi ya wazazi, yana dawa, wala hayangoji." Akapelekwa hospitali siku ile ile. Baada ya majuma kadhaa akarudi, akampakata mwanawe.

Alhamdulillahi, maradhi yalikwisha. Lakini jina halikwisha. Mtoto yule sasa ni mkubwa, asoma chuoni na skuli, na bado wako wamwitao mamake "yule wa pepo". Posa ya mdogo wake ilivunjika kwa neno hilo. Ndipo nami nikajua kwa nini watu huwaficha wagonjwa wao. Hawaogopi maradhi tu, waogopa jina litakalobaki baada ya maradhi.

Ama michezo ya kuigiza na nyimbo, nazo zina sehemu yao. Mwendawazimu wa jukwaani ni yule yule siku zote: matambara mwilini, makopo shingoni, acheka peke yake. Katika nyimbo za mapenzi wazimu umekuwa pambo, tangu kisa cha Qays aliyepewa jina la Majnuni kwa kumpenda Laila. Mmoja hutuchekesha, wa pili hututia huruma tamu, wala hapana kati yao anayefanana na mgonjwa wa kweli, ambaye mara nyingi amelala kimya chumbani, uso ameuelekeza ukutani. Euphrase Kezilahabi, katika riwaya yake Kichwamaji ya mwaka 1974, alimwonyesha kijana msomi, Kazimoto, akizongwa na fikira hata akajiua, wala hakuvaa matambara. Picha za namna hiyo ni chache kwetu.

Na si kwamba dini yetu haikutufunza. Kila aliyepita chuoni alisoma kuwa mwenye kuwajibikiwa na ibada ni aliyebaleghe mwenye akili timamu. Imepokewa katika hadithi kuwa kalamu imeondolewa kwa watatu, na mmoja wao ni aliyepotewa na akili mpaka apone. Tazama hapo: mpaka apone. Maana yake ni kuwa kupona kwatarajiwa. Na aya ya tano ya Suratun Nisaa, inapotukataza kuwakabidhi mali wasioweza kuitunza, yatuamrisha papo hapo tuwalishe, tuwavishe na tuseme nao kwa wema.

Waislamu wa kale waliyafanyia kazi mafunzo hayo. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya afya ya mwili na ya nafsi, akaeleza hasira, hofu, huzuni na wasiwasi kuwa ni mambo yenye kutibiwa. Akaitenga huzuni yenye sababu ijulikanayo na ile isiyo na sababu ya dhahiri. Cairo, hospitali ya Sultani Qalawun ya mwaka 1284 ilikuwa na sehemu ya wagonjwa wa akili, nayo ikiendeshwa kwa mali ya wakfu. Sisi twajua kuweka wakfu kwa misikiti na visima. Wao walijua pia kumwekea wakfu mgonjwa wa akili.

Hapa Kenya, Mathari ya Nairobi ilianza kuwa nyumba ya wagonjwa hao mwaka 1910, nayo hapo kwanza ilikuwa mahali pa kuwatengea wenye ndui. Basi tangu mwanzo ilinuka kutengwa, na jina lake likawa tusi hata kwa watu wa pwani wasiopata kuliona lango lake. Siku hizi Port Reitz, hapa hapa Mombasa, pana matibabu ya akili, lakini jina hilo nalo limeanza kutaniwa. Sheria imekwenda mbele kuliko ndimi zetu: ile ya afya ya akili ya mwaka 1989 ilirekebishwa mwaka 2022, na Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kuwa kumshtaki mtu kwa kujaribu kujiua ni kinyume cha Katiba. Lakini shirika la Human Rights Watch lilipotoa ripoti mwaka 2020 juu ya wagonjwa wa akili wanaofungwa minyororo duniani, Kenya ilikuwamo.

Wenye ilimu ya lugha husema kuwa akili, kwa Kiarabu, shina lake ni lile la kamba afungwayo ngamia mguu asipotee. Kamba hiyo ikikatika, mwenye busara huishughulikia kamba. Sisi twamtia mwenyewe mnyororo.

Basi, ndugu msomaji, ukimwona wako halali siku nyingi, hali, asikia yasiyosikika au ataja kifo, msomee dua, na siku hiyo hiyo mpeleke hospitali. Dua haimgombi daktari. Akianza dawa, asiiache kwa kuwa ameona nafuu, mpaka daktari aseme. Na akirudi mtaani, mwite kwa jina alilopewa siku ya akika yake.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Nasi sote hatujafa, basi hatujaumbika. Mola atuafu, na awaponye walio majumbani. Amin.