Shira ya Muhogo: Kemia Tunayo, Mizizi Inaozea Njiani

Anayejua kupika togwa ameshaielewa nusu ya kemia ya kiwanda cha glukosi, hata kama hajawahi kukanyaga maabara. Unapika uji mzito, unauepua, unauacha upoe mpaka uweze kutia kidole bila kukitoa mbio, kisha unatia kimea cha ulezi na kukoroga. Haupiti muda mrefu, uji uliokuwa ukiushika mwiko unalegea na kunyweka. Ukiuonja, una utamu ambao hukuutia wewe. Sukari hujagusa.

Utamu ule ulikuwamo ndani ya unga tangu mwanzo. Wanga ni glukosi zilizoungana kwa mamia na maelfu, kama shanga kwenye uzi. Nyuzi nyingine zimenyooka, hizo ndizo amilosi. Nyingine zina matawi mengi, nazo ni amilopektini. Ulimi hauonji utamu wa uzi mzima, mpaka ukatwe. Mbegu inapochipua hutengeneza vimeng'enya vya kuukata wanga wake yenyewe ili chipukizi lipate chakula, na sisi tunakausha mbegu hiyo na kuisaga tukaiita kimea. Watafiti wa Taasisi ya Chakula na Lishe ya Tanzania walikifanyia kazi kimea katika miaka ya 1980, kwa nia ya kuwapa watoto wadogo uji wenye unga mwingi lakini mwepesi kumezeka. Ulezi ulipendelewa kwa sababu ya maana: mtama ukichipua hujaa sumu ya sianidi, ulezi hauna tabia hiyo.

Mimi ni mtu wa Muheza, nimelelewa kwa bada, ugali wa muhogo, na kazi yangu imekuwa kupima wanga na shira, kwanza katika miradi ya utafiti wa muhogo, baadaye katika maabara ya kiwanda cha pipi Dar es Salaam. Jamaa zangu wana swali moja ambalo hawachoki kuniuliza. Kama muhogo tunao, na kimea bibi zetu walikijua, mbona yale mapipa ya glukosi ya kilo 300 yanashushwa bandarini kutoka nje?

Si kwamba ujuzi ni mpya. Mwaka 1811, mjini St. Petersburg, mkemia Gottlieb Kirchhoff alikuwa akitafuta gundi ya kutumia kwenye kazi za kauri badala ya gundi ya miti ya kutoka ng'ambo. Akachemsha wanga na tindikali ya salfa kidogo. Alipochemsha kwa muda mrefu alipata maji matamu, na maji yale yakipunguzwa yalikuwa shira. Ulaya wakati huo ilikuwa na kiu ya sukari, kwa kuwa vita vya Napoleon vilikuwa vimeifunga njia ya miwa, kwa hiyo habari zilisambaa upesi. Mwaka 1833 Wafaransa Payen na Persoz wakaitoa kwenye kimea cha shayiri ile dawa inayokata wanga, wakaiita diastasi. Tangu hapo njia zikawa mbili: kukata kwa tindikali au kukata kwa kimeng'enya.

Tindikali haichagui. Hukata popote, na ukiiacha iendelee inaleta rangi na uchungu. Vimeng'enya vina adabu zaidi. Katika kiwanda cha leo, wanga huvurugwa na maji, ukatiwa kimeng'enya kilichotokana na bakteria, mchanganyiko ukapitishwa kwenye mvuke wa nyuzijoto 105 kwa dakika chache, kisha ukawekwa kwenye nyuzi 95 kwa saa moja au mbili. Hapo nyuzi ndefu za wanga zimekuwa vipande vifupi, na uji mzito umekuwa maji. Baadaye hupozwa hadi nyuzi 60, pH ikashushwa hadi 4.5 hivi, na kikaingizwa kimeng'enya cha pili, kitokanacho na ukungu wa jamii ya ule mweusi unaouona kwenye maganda ya vitunguu. Hiki huanzia mwishoni mwa kipande na kung'oa glukosi moja moja. Ukikipa siku mbili, zaidi ya asilimia 95 ya kilichomo tenkini, ukiacha maji, ni glukosi tupu.

Na hapa kuna hesabu inayowafurahisha wenye viwanda: kila pahali uzi unapokatwa, maji huingia na kuwa sehemu ya sukari. Kilo 100 za wanga mkavu zikikatwa zote hutoa kilo 111 za glukosi. Kilo kumi na moja za maji, zinauzwa kwa bei ya sukari.

Lakini mara nyingi mteja hataki wanga ukatwe wote. Anataka ukatwe kiasi. Kiasi hicho huandikwa kwenye pipa kwa herufi mbili, DE, na namba: sifuri ni wanga mzima, 100 ni glukosi tupu. Chini ya 20 ni maltodekstrini, unga usio na utamu wa maana, unaotiwa kwenye supu za paketi na maziwa ya unga ya watoto. Pipi ngumu hupenda 42, shira ambayo utamu wake ni karibu nusu ya ule wa sukari. Haitiwi kwa ajili ya utamu. Sukari peke yake ikipikwa ikapoa hurudi kuwa chembe; mama wa pwani anayepika shira ya kaimati analijua hilo, ndiyo maana anaikamulia ndimu. Uchachu wa ndimu huikata sukari kidogo, na mchanganyiko hauwezi tena kujipanga ukawa chembe. Kiwanda hutia glukosi badala ya ndimu.

Jikoni kwetu kiwandani palikuwa na mzee aliyepika pipi tangu ujana wake. Kipimo chake kilikuwa bakuli la maji baridi: anadondoshea shira ya moto, anaitoa, anaing'ata, anasikiliza inavyovunjika. Asubuhi moja ya masika alinijia maabara na kipande kiganjani.

"Mwanangu, pipa hili si letu la kawaida. Pipi zinatoa jasho."

"Shikamoo mzee. Karatasi yake inasema 42."

"Marahaba. Karatasi haijapika. Pima."

Kupima DE kwa njia ya zamani ni kazi ya macho. Unachemsha mchanganyiko wa shaba, buluu iliyokolea, ndani ya chupa juu ya moto. Shira uliyoipunguza kwa maji unaidondosha kutoka kwenye mrija, tone kwa tone, huku maji yakiendelea kutokota. Yakiacha kutokota hewa inaingia na jibu linaharibika. Buluu inafifia, chini kunaanza kutua vumbi jekundu la rangi ya tofali, unatia matone ya rangi ya methilini, na tone moja la mwisho linaifuta buluu yote. Unasoma mrija. Mrija wangu ulisema zaidi ya 50. Shira iliyokatwa sana hunyonya unyevu wa hewa, na hewa ya Dar es Salaam wakati wa masika ina unyevu wa kutosha kunyonywa. Muuzaji alibadilisha mapipa baada ya barua nyingi kuliko zilizohitajika.

Hata wanga ukikatwa wote, glukosi ni tamu kwa kiasi cha asilimia 70 ya sukari tu. Walioshughulikia upungufu huo walikuwa Wamarekani wenye mahindi mengi. Mwaka 1957 Richard Marshall na Earl Kooi, wa kampuni ya Clinton Corn Processing huko Iowa, walitangaza kimeng'enya kinachoigeuza glukosi kuwa fruktosi, sukari ya matunda, iliyo tamu zaidi. Kasoro yake haikuwa ndogo: kilihitaji aseniki ili kifanye kazi. Nani atakunywa soda yenye aseniki? Jibu lilitoka Japani, kwa mtafiti Yoshiyuki Takasaki, aliyepata kimeng'enya cha namna hiyo kinachostahimili joto na kisichohitaji sumu ile. Clinton wakanunua haki ya kukitumia, na mwaka 1967 shira ya fruktosi ikaingia sokoni. Bei ya sukari duniani ilipopaa mwaka 1974, kila mwenye soda alianza kuitazama kwa jicho jingine, na mwaka 1984 Coca-Cola na Pepsi waliruhusu soda zao za Marekani zitiwe shira hiyo peke yake.

Watu wengi huniuliza kama shira hiyo ya fruktosi ni sumu. Sukari ya miwa nayo ni glukosi na fruktosi nusu kwa nusu, mara tu inapomeng'enywa. Shira inayotiwa kwenye soda ya Marekani ina fruktosi asilimia 55 hivi. Tofauti ni ndogo mno kubeba lawama zote zinazotwikwa. Kilichozidi ni chupa. Kwetu soda kwa kawaida hutiwa sukari, na hatujaongoka kwa sababu hiyo.

Kuna tawi jingine la utafiti huu ambalo halisemwi sana kwa kuwa halina utamu: wanga uliorekebishwa. Chukua wanga wa muhogo, upike. Unapata rojo safi, linaloangaza, zuri machoni. Litie siki ya tomato sosi na ulikoroge kwa mashine, linachoka na kuwa maji. Liweke kwenye friji, baada ya siku chache linajikunja na kutoa maji juu. Yule anayefungua chupa ya sosi akakuta maji yametangulia, hayo ndiyo aliyoyakuta. Dawa yake ni kuzifunga nyuzi za wanga zenyewe kwa zenyewe kwa vifungo vya fosfati, na kiasi kinachotumika ni chini ya gramu moja kwa kilo ya wanga. Kuzuia kutoa maji, hutiwa vipande vya asetiki pembeni mwa nyuzi ili zisirudi kukumbatiana. Ukisoma kibandiko cha sosi ukaona namba 1412, 1414, 1422 au 1442, ujue ni wanga uliorekebishwa. Karatasi ya kuandikia isinyonye wino hovyo, uzi wa kitambaa usikatike kwenye mtambo, vyote vinategemea wanga uliofanyiwa kitu. Wapishi wa halua wa Zanzibar na Maskati hawana haja na namba hizo. Wao huushikisha wanga wao kwa sukari, samli na mkono usiochoka, na halua inakaa.

Sasa nirudi kwa jamaa zangu na mapipa yao.

Wanga wa muhogo ni mzuri kuliko wa mahindi kwa kazi hii, nalisema bila upendeleo wa kwetu. Hauna protini wala mafuta ya kuhangaikia. Mahindi lazima yalowekwe siku moja na nusu au mbili katika maji ya moto yenye gesi ya salfa ndipo yaachie wanga; muhogo unamenywa, unakunwa, unachujwa, na wanga umetua chini siku hiyo hiyo. Ila mahindi yanakaa ghalani mwaka mzima, na kiwanda chake kinauza pia mafuta ya kiini na chakula cha kuku, kwa hiyo shira haibebi gharama zote peke yake. Muhogo ukishang'olewa, siku ya pili au ya tatu unaanza michirizi ya buluu na nyeusi ndani. Robo yake tu ndiyo wanga, sehemu kubwa iliyobaki ni maji, kwa hiyo tani moja ya wanga inataka tani nne au tano za mizizi. Unalipa lori kusafirisha maji yanayooza. Na baada ya kuchuja unabaki na chicha, yenye bei ndogo.

Maji ya kuoshea nayo yana mambo. Muhogo ukikunwa, kimeng'enya chake wenyewe huachia sianidi. Nyingine hupaa, nyingine huondoka na maji, na wanga unabaki salama. Lakini maji yale yakielekezwa mtoni yanaua samaki. Lazima kuwe na mabwawa ya kuyatuliza.

Halafu kuna magonjwa. Michirizi ya kahawia, inayoozesha kiazi ndani huku majani yakikudanganya, ilielezwa na H. H. Storey mwaka 1936 katika kituo cha Amani, huko huko milimani kwetu Muheza, na bado tunayo. Rwanda ilifungua kiwanda cha muhogo Kinazi, wilaya ya Ruhango, mwaka 2012. Ugonjwa huu ulipoingia mashambani, mashine zilikuwepo na mizizi ikapungua.

Njia ninayoiona ina maana ni ile iliyojaribiwa na mradi wa muhogo uitwao C:AVA kuanzia mwaka 2008 katika nchi tano, Tanzania ikiwemo: wakulima wakune, wakamue na kukausha wenyewe siku ile ile ya kung'oa, wauze unga mkavu usiochachuka. Unga huo unaweza kukatwa na vimeng'enya kuwa shira bila kupitia wanga safi. Nyuzinyuzi zinaziba vichujio, na shira inatoka na rangi kidogo, lakini unga haukimbizani na saa. Vimeng'enya vyenyewe, ambavyo watu huvitaja kwa kuogopa kama kitu cha wazungu, hutumika kilo moja hivi kwa tani ya wanga. Si hapo pesa zinapopotelea.

Vijana huniletea michoro ya viwanda wanayotaka kuipeleka benki. Karibu wote wameanza kwa tenki la vimeng'enya, limechorwa vizuri, lina rangi. Mimi natafuta kisima, mashine ya kukuna, uwanja wa chicha na bwawa la maji machafu. Nisipoviona, namrudishia kijana karatasi yake na kumwambia aende Handeni msimu wa mvua, akakae barabarani ahesabu malori ya muhogo yaliyokwama, kisha ndipo arudi tuzungumze DE.