Kiangazi cha Kondoo Hupangwa Desemba

Mwezi wa tisa ukifika Bariadi, nyasi zilizobaki ni fupi kuliko ukucha, vumbi linatembea na upepo, na vijito vingi vya bonde la Simiyu vimekuwa mchanga mtupu ambao watu huufukua kutafuta maji. Saa saba mchana kondoo wa nyumbani huacha kula, kila mmoja akaingiza kichwa chini ya tumbo la mwenzake kutafuta kivuli. Anayewaona hivyo husema jua linawamaliza. Hapana. Kondoo wetu wa asili, mwenye mkia mnene uliojaa akiba ya mafuta, analimudu jua hilo. Kinachomuua ni njaa, na njaa ya Septemba hupangwa Desemba, wakati majani yamejaa na hakuna anayeikumbuka.

Wasukuma walilijua hili zamani, ndiyo maana wakawa na ngitili: kipande cha malisho kinachofungwa mvua zinapoanza na kuachwa bila kukanyagwa hadi Julai au Agosti, mabua ya mtama na mahindi yakishaliwa mashambani. Majani husimama yakakaukia papo hapo, kama ghala lisilo na paa, kisha huliwa kipande kwa kipande. Miaka ya 1970 familia nyingi zilipohamishiwa vijiji vya ujamaa, ziliacha nyuma maeneo ziliyoyatunza, na utaratibu ukalegea. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulipoanza mwaka 1986, Bariadi ikiwa bado wilaya ya Shinyanga (Mkoa wa Simiyu ulianzishwa 2012), ngitili zilizorekodiwa katika mkoa mzima zilikuwa kama hekta 600. Kufikia 2004 zilikadiriwa kuzidi hekta 300,000. Kazi kubwa haikuwa kupanda miti mipya, bali kuviacha visiki vichipue na nyasi zisimame. Ngitili ikiwa karibu na nyumba, mtoto anayechunga hatembei mchana kutwa kufuata malisho ya mbali, na mama hupata kuni humo humo.

Desemba haiko peke yake. Aprili nayo ina lake. Kondoo hubeba mimba miezi mitano. Jike aliyepandwa Aprili huzaa Septemba, ziwa likiwa limenywea, na mwanakondoo hunyonya ngozi. Aliyepandwa Julai huzaa Desemba, penye majani mabichi. Wamasai humfunga dume kipande cha ngozi chini ya tumbo asipande ovyo, na sioni kwa nini jambo rahisi namna hiyo lisifanyike katika wilaya jirani za Itilima au Maswa.

Wapo watakaosema ardhi imekwisha na pamba haina pa kujibana. Hebu tupige hesabu. Kondoo wa kilo 30 hula takriban kilo moja ya majani makavu kwa siku. Mabua ya shambani yakimvusha Juni na Julai, zinabaki siku 90 hadi mwisho wa Oktoba. Kondoo kumi hawafikishi tani moja. Kiasi hicho hakimwondoi mtu kwenye pamba, kwa kuwa familia nyingi zina pembe ya mbuga, ukingo wa korongo au kichaka kisicholimika. Pamba yenyewe husaidia: mashudu yake huongeza nguvu kwa kondoo wakubwa, ila wachanga wasipewe. Wengine hushauri kuuza kundi Septemba. Lakini mwezi huo kila mwenye njaa anauza, na mnyama aliyekonda hutoka kwa bei ya kutupa.

Hoja yenye uzito ni nyingine: mwenye ng'ombe wengi ndiye mwenye ngitili kubwa, na kondoo wa mnyonge hubaki nje ya ua. Hilo ni kweli, na halitatatuliwa na mkulima mmoja. Dagashida, yaani baraza la jadi la Wasukuma, na sungusungu, walinzi wa kijiji, walilinda ngitili kabla ya mradi wowote, na mkutano mkuu wa kijiji una uwezo wa kupitisha sheria ndogo. Utenge eneo la pamoja kwa wenye kondoo watano au kumi, na adhabu ya kuingiza mifugo iwe moja kwa tajiri na maskini. Mkutano huo uitishwe Oktoba, kabla tone la kwanza halijaanguka, kwa sababu nyasi zikishaota kila mtu atakuwa na ng'ombe wake humo.