Hati Mbovu Isizike Haki

Mkulima wa Buzwagi anayedai shamba lake bila wakili huweza kusahau kutaja mipaka au thamani yake. Je, afukuzwe? Ibara ya 107A ya Katiba inazitaka mahakama zisifungwe mno na masharti ya kiufundi yanayokwamisha haki. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2018 yalikazia jambo hilo. Mdai anaweza kuruhusiwa kurekebisha hati yake. Lakini hakimu si wakili wake, na muda haumsubiri: rufaa kutoka Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya kwenda Mahakama Kuu ni siku 45. Tunaziomba kamati za parokia ziwaelekeze watu mapema kwa wasaidizi wa kisheria, wanaotambuliwa na sheria ya mwaka 2017. Huduma yao ni bure.