Nana Asma'u wa Sokoto na Walimu Wake

Wanafunzi wetu wakiambiwa waandike habari za bibi mashuhuri, mara nyingi huleta mwaka wa kuzaliwa, mwaka wa kufa, na katikati sifa tele. Sifa hizo hazimwambii msichana wa leo aanzie wapi. Kwa hiyo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu, hasa vijana, habari za bibi mmoja ambaye namna ya kazi yake yajulikana wazi: Nana Asma'u, binti wa Shehu Usman dan Fodio, wa nchi ambayo leo ni kaskazini ya Nigeria.

Alizaliwa mwaka 1793. Baba yake aliwalaumu hadharani wanavyuoni waliowaacha wake zao na binti zao katika ujinga, na nyumbani kwake mabinti walisoma kama ndugu zao wa kiume. Asma'u akaandika kwa Kiarabu, Kifulani na Kihausa. Akaolewa na Gidado, ambaye baadaye alikuwa Waziri wa Sokoto, akazaa na kulea katika nyumba yenye watu wengi. Basi asiseme mtu kwamba alifundisha kwa kuwa hakuwa na shughuli nyingine.

Baada ya vita vya 1804 hadi 1808, dola mpya ilikuwa na vijiji vingi ambavyo wanawake wake hawakupata kufundishwa dini, wala hawakuweza kuacha watoto na kazi ili waje mjini. Asma'u hakuwangoja. Alichagua katika vijiji wanawake watu wazima wenye kuheshimiwa, kila mmoja akaitwa jaji, yaani kiongozi wa msafara. Jaji alikusanya wanawake waliokwisha kulea na wasichana ambao hawajaolewa bado, maana hao ndio waliokuwa na nafasi ya kusafiri, akaenda nao Sokoto. Wakafunzwa, kisha wakarudi kuwafundisha wenzao majumbani. Wakajulikana kwa jina la 'Yan Taru.

Kwa kuwa wengi hawakujua kusoma, mafunzo aliyatunga kwa mashairi ili yahifadhiwe kwa moyo. Sisi wa pwani hatuoni ajabu. Mwana Kupona alimtungia binti yake utenzi karibu na mwaka 1858, Asma'u akiwa hai.

Jaji alivikwa kofia kubwa ya majani yaliyosukwa, iitwayo malfa, iliyofungwa kitambaa chekundu. Kofia kama hiyo zamani ilikuwa ya bibi mkuu wa mambo ya pepo huko Gobir. Asma'u hakuichoma moto. Aliifanya alama ya mwalimu, na kwa maoni yetu hilo lataka akili kuliko kuchoma. Wasafiri nao walimletea nafaka, asali, samli na nguo, vikagawiwa maskini na wagonjwa.

Alifariki mwaka 1864, lakini 'Yan Taru wako mpaka leo.

Walimu wa madrasa na skuli hutuuliza wawape wanafunzi kazi gani wakati wa likizo. Twajua mitaa ambayo mabibi wazee wana kadi za hospitali wasizoweza kuzisoma, na nyumba ya pili analala msichana aliyefaulu mtihani wa darasa la saba.