Gitaa la Besi kwa Wanaoanza (Sehemu ya Tatu): Noti Inaishia Wapi?

Katika sehemu mbili zilizopita tulichagua gitaa, tukalifunga nyuzi zake nne, Mi, La, Re na Sol, na tukazoeza vidole kubonyeza karibu na freti ili sauti itoke safi. Leo tunaingia kwenye jambo linalomtofautisha mpiga besi anayechezesha watu na yule anayejua noti tu.

Kasikilize mazoezi ya kwaya au ya bendi ya vijana jioni ya Jumamosi, iwe Kamenge, Ngagara au Bwiza. Mpiga solo yuko sawa, mwimbaji ana sauti nzuri, dramu zinalia, na mpiga besi hakosei noti hata moja. Hata hivyo wimbo hauendi. Waliokaa pembeni wanasikiliza kwa adabu, miguu imetulia. Hapo kila mtu huanza kuongeza: besi inaongezewa noti, ikishindikana inaongezewa sauti, na ukumbi mzima unageuka mngurumo. Kwa maoni yangu, mara nyingi kasoro haiko kwenye noti zenyewe. Iko pale zinapokatwa, au zaidi, pale zisipokatwa.

Mwanzo wa noti kila mtu anausikia, ndiyo maana wanafunzi wanaushughulikia huo peke yake. Lakini fikiria kinachotokea baadaye. Uzi wa Mi ukipigwa bila kubonyezwa hutikisika kama mara 41 kwa sekunde, na wimbi lake hewani lina urefu unaozidi mita 8. Ndani ya ukumbi wenye kuta za saruji, wimbi kama hilo halifi upesi. Linagonga ukuta, linarudi, linaikuta noti inayofuata imeshaanza. Ukiacha kila noti ilie mpaka iguse mwenzake, pigo la dramu kubwa ya mguu linamezwa na hakuna anayejua tena moja, yaani pigo la kwanza, iko wapi. Ukiikata kabla ya dramu ndogo kulia, panapatikana nafasi, dramu inasikika kwa ukali wake, na msikilizaji anaanza kutikisa kichwa bila kuambiwa.

Sisi Warundi tuna shule ya jambo hili nyumbani. Ngoma za kifalme, ambazo UNESCO iliziingiza katika orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2014, hupangwa nusu duara kuizunguka inkiranya, ngoma ya katikati. Amashakwe hushika pigo moja lisilokatika. Ibishikiso hufuata mwendo unaotolewa na inkiranya. Macho ya watu yako kwa yule anayeruka mbele akiipiga inkiranya, na ni haki yake. Lakini jizoeze siku moja kumwacha yeye, usikilize amashakwe peke yao tangu mwanzo hadi mwisho. Hawapambi na hawaharakishi, na mrukaji anaruka kwa sababu wao hawaruki. Mpiga besi anayeanza akae upande wa amashakwe kwa miezi yake ya kwanza. Wengi wetu tunataka kuwa inkiranya kabla hata ya kuzoea uzito wa gitaa begani, na bendi nzima inalipa gharama hiyo.

(Amri ya rais ya Oktoba 2017 iliwaachia wanaume peke yao kupiga ngoma hizo. Gitaa la besi halina katazo la namna hiyo, na ningefurahi sana kuona mabinti wengi zaidi katika kwaya zetu wakilishika badala ya kuachiwa kuimba tu.)

Sasa zoezi. Weka kidole cha pete kwenye freti ya tatu ya uzi wa La. Hiyo ni Do. Washa metronomu ya simu kwenye mapigo 80 kwa dakika, uhesabu moja mpaka nne. Piga Do kwenye moja, iache ilie, kisha ikate kwenye tatu. Usiikate karibu na tatu, ikate kwenye tatu yenyewe. Namna ya kukata ni kulegeza kidole huku kikiendelea kuugusa uzi. Ukikiinua chote, uzi wa La utalia wazi na utakuwa umeongeza noti ambayo hukuikusudia. Kidole gumba cha mkono wa kulia kilale juu ya uzi wa Mi ili nao usivume. Rudia hivyo kwa dakika tano bila kubadilisha chochote. Halafu ikate kwenye mbili. Utashangaa: noti ni ileile, kasi ni ileile, lakini wimbo umebadilika tabia.

Ukilizoea hilo, punguza metronomu hadi 40, na uichukulie kwamba inalia kwenye mbili na kwenye nne tu. Kasi ya wimbo inabaki 80, lakini moja na tatu sasa unazibeba mwenyewe. Hapa ndipo wengi hugundua kwamba kumbe walikuwa wanaisubiri mashine iwaonyeshe njia. Usikate tamaa, baki hapo mpaka mabega yalegee.

Kuhusu mahali pa kusimama, nasisitiza kwa sababu hakuna fedha inayohitajika. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde. Mpiga besi aliyesimama mita 7 kutoka kwenye dramu anazisikia zimechelewa kwa sehemu moja ya hamsini ya sekunde. Katika wimbo wa mapigo 120 kwa dakika, ukigawa kila pigo mara nne, kipande kimoja ni sehemu moja ya nane ya sekunde. Uchelewaji ule umekula karibu moja ya sita yake. Hutausikia kama kosa, utahisi tu kwamba wimbo ni mzito. Basi simama upande wa matoazi ya mguu, mahali unapouona mguu wa mpiga dramu. Amplifaya nayo isikae kwenye kona ya chumba, kwa kuwa kona huzidisha mvumo wa chini.

Na umeme ukikatika mazoezi yasisimame. Egemeza kiwiliwili cha gitaa kwenye mlango wa kabati au kwenye meza ya mbao, upige polepole; mbao itaibeba sauti kiasi cha kukutosha wewe.

Wa kuwasikiliza ni wengi. James Jamerson, mpiga besi wa studio za Motown kule Detroit, alipiga kwa kidole kimoja tu cha mkono wa kulia, cha shahada, na hakupenda kubadilisha nyuzi. Chini ya nyuzi, karibu na daraja la gitaa, alikuwa na sifongo ya kuzifupisha noti. Alipiga noti nyingi kuliko ninazopendekeza hapa, lakini kila moja ilikuwa na mwisho wake. Asiye na fedha za nyuzi mpya Bujumbura anaweza kukata kipande cha godoro na kukichomeka pale pale. Nyuzi kuukuu zitageuka kuwa msaada.

Kwa rumba ya Kinshasa, tega sikio wimbo unapovuka kuingia sebene. Magitaa ya juu yanaanza kukimbia, na besi inabaki na kifungu kifupi inachokirudia rudia, ikiwa na mashimo ya ukimya ndani yake. Hesabu mashimo hayo kabla ya kuhesabu noti. Na hapa mjini kwetu tunaye Steven Sogo, aliyejiunga na The Nile Project, mradi ulioanzishwa mwaka 2011 kukutanisha wanamuziki wa bonde la Mto Nile. Yeye hupiga besi, na hupiga pia umuduri, upinde wenye uzi mmoja na kibuyu. Mpiga umuduri ana noti chache mno, kwa hiyo kazi yake iko kwenye fimbo, na kwenye kibuyu anachokisogeza kifuani na kukiondoa ili sauti ifunguke na kufungika. Atakayeufanyia mazoezi mwezi mmoja atalirudia gitaa lake la nyuzi nne akiwa na mkono mwingine kabisa.

Juma lijalo tutaingiza Fa na Sol, freti ya tatu na ya tano za uzi wa Re, na kuona namna ya kuhama bila kuacha mwanya usiokusudiwa. Mpaka wakati huo, bakini na Do.