Gari Lililoegeshwa Mlimani

Barabara itokayo Songea kwenda Mbinga hupita katika milima ya Umatengo. Dereva aegeshapo gari mtelemkoni huvuta breki ya mkono, na wengi huongeza jiwe chini ya gurudumu, upande wa bondeni. Je, yahitajika yote hayo?

Ikiwa barabara hupanda mita 1 katika kila mita 10, gari la kilo 1,000 huvutwa bondeni kwa nguvu ilinganayo na uzito wa kilo 100 hivi. Lori la tani 10, kwa uzito wa tani 1. Nguvu hiyo haipumziki, ilhali waya wa breki huchakaa na kulegea. Hivyo breki husaidiwa na gia: ya kwanza gari likitazama juu, ya kurudi nyuma likitazama chini. Usukani nao hugeuzwa, ili gari likiponyoka lielekee ukingoni.

Jiwe ni msaada wa mwisho. Lakini likiachwa barabarani, usiku humwangusha mwendesha pikipiki asiye na kosa. Kabari ya mbao iliyofungwa kamba hufanya kazi ileile, kisha huondoka pamoja na gari.